Nitajuaje kama kiolesura ni kibaya, au ni mimi tu ambaye sijakizoea?

Mpimaji anauliza:

Ndugu zangu, nimepewa kazi ya kupendekeza mfumo mmoja wa kompyuta utakaotumiwa na watu wote katika idara yetu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kulinganisha violesura viwili vya picha (yaani sura ya skrini ambayo mtu huitumia kuiamuru kompyuta) ambavyo kwa uwezo havipishani sana. Vyote viwili vina madirisha, menyu, ikoni na upau unaoonyesha programu zilizo wazi. Vyote viwili hufungua faili zilezile na kuchapisha kwenye printa zilezile. Hata hivyo, kila ninayemkalisha mbele ya kimojawapo hutoa hukumu kabla hajamaliza hata kuandika barua moja. Huyu anasema kinafanya kazi kama anavyotaka, yule anasema kinachosha na hakieleweki, na nikimuuliza ni kitu gani hasa kinachomchosha, hunijibu kwamba kitufe cha kufunga dirisha kimewekwa upande usio wake.

Nimejichunguza na mimi, nikaona sina tofauti nao. Kwa miaka mingi nimetumia mfumo ambao kitufe cha kufunga kipo pembe ya juu kulia, na menyu za kila programu zimo ndani ya dirisha lake. Kiolesura cha pili kinaweka kitufe hicho kushoto, na menyu za programu inayotumika hukaa juu kabisa ya skrini, zikiwa zimetengana na dirisha lenyewe. Kinachonisumbua zaidi ni kile kidirisha cha kuuliza kinachotokea unapofunga hati ambayo hujaihifadhi. Katika mfumo niliouzoea, kitufe cha kukubali hutangulia upande wa kushoto na cha kughairi hufuata. Katika huu wa pili mpangilio umegeuzwa, na kitufe cha kukubali ndicho cha mwisho upande wa kulia. Mkono wangu huenda unakokujua kabla macho hayajasoma maandishi. Je, hiyo ni kasoro ya kiolesura au ni ya mkono?

Ninachoomba ni njia ya kutenganisha ubora wa kiolesura na mazoea ya anayekipima. Je, vipo vigezo ambavyo havitegemei mtu alianza na mfumo gani? Na kama vipo, upendeleo wa mtumiaji upewe uzito kiasi gani, au usihesabiwe kabisa? Nisingependa kuwapelekea wakubwa wangu ripoti ambayo kwa kweli ni maelezo ya mazoea yangu yaliyovishwa lugha ya kitaalamu.

Mjenzi wa Programu anajibu:

Ndugu Mpimaji, nakujibu kama mtu anayetengeneza programu na ambaye hutumia muda mwingi kuketi nyuma ya watumiaji akiwatazama wakifanya kazi.

Jef Raskin, aliyeanzisha mradi wa kompyuta ya Macintosh ndani ya Apple mwaka 1979, alitoa hoja mwaka 1994 ambayo ningependa uianzie. Alisema kwamba mtu anaposifu kiolesura kuwa kinaeleweka chenyewe bila kufundishwa, mara nyingi anachosifu ni kufanana kwake na kile alichokwisha kukizoea. Ukiikubali hoja hiyo, unalazimika kukubali pia jambo zito linalofuata: maboresho yoyote yenye tofauti ya kweli yatapokelewa kwanza kama usumbufu, hata kama baadaye yatamrahisishia mtu kazi. Kwa hiyo zile hukumu unazozipata kabla barua haijaisha zinakueleza mengi kuhusu historia ya aliyeketi, na machache mno kuhusu alichoketi mbele yake.

Hata hivyo hoja hiyo isitufikishe mahali pa kusema kwamba kila kitu ni mazoea. Mimi huyagawa malalamiko mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mambo ya makubaliano, ambayo yangeweza kuwekwa hivi au vile bila hasara. Upande wa kitufe cha kufunga ni mojawapo, na mwelekeo wa kusogeza ukurasa ni mfano mzuri zaidi. Mwaka 2011 Apple, katika toleo la Mac OS X liitwalo Lion, iliugeuza mwelekeo huo ili maandishi yafuate vidole, kama ilivyo kwenye simu ya kugusa. Waliozoea mwelekeo wa zamani waliona skrini inakwenda kinyume, waliotoka kwenye simu waliona imenyooka, na kila upande ulikuwa na mantiki yake: mmoja anafikiri anasogeza dirisha juu ya maandishi, mwingine anafikiri anasogeza maandishi chini ya dirisha.

Fungu la pili ni mambo yanayotokana na mwili na akili ya binadamu, na haya hayajali ulianza na mfumo gani. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha kwamba muda wa mkono kufikia shabaha hutegemea umbali wa shabaha na upana wake. Kanuni hiyo ndiyo inayoitetea ile menyu ya juu ya skrini inayokukera. Kishale cha kipanya hakiwezi kuvuka ukingo wa skrini, hivyo unaweza kukirusha juu bila uangalifu wowote na bado kikasimama juu ya menyu, ilhali menyu iliyo ndani ya dirisha hukudai upunguze mwendo na kulenga ukanda mwembamba. Kwa upande mwingine, kanuni hiyohiyo inaipinga menyu ya juu pale skrini inapokuwa kubwa sana na dirisha lako likawa chini pembeni, kwa kuwa umbali umeongezeka. Hapo unaweza kubishana kwa rula na saa, na mazoea yasiingie.

Katika fungu hilohilo weka kasi ya kuitikia. Vipimo ambavyo Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia violesura, amevieneza kwa muda mrefu ni rahisi kuvikumbuka: kiolesura kikiitikia ndani ya sekunde 0.1, mtu huhisi kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekitenda kitendo. Ikifika sekunde 1, huanza kuona kwamba anasubiri ingawa fikra zake hazijakatika. Ikizidi sekunde 10, umakini huhama na hutaka kufanya jambo jingine. Weka pia uwezo wa kutendua (kurudisha nyuma ulichofanya), usomekaji wa maandishi, na kama kiolesura kinakujulisha kinachoendelea.

Sasa turudi kwenye kidirisha chako cha kuhifadhi, maana hapo mafungu yote mawili yanakutana. Mpangilio wa vitufe ni makubaliano. Windows imeshika mmoja, Mac imeshika mwingine, na katika mfumo wa Linux, ambao una violesura kadhaa vya kuchagua, kile kiitwacho GNOME kimefuata njia ya Mac na kile kiitwacho KDE njia ya Windows. Usiupe alama wala usiunyime. Angalia badala yake kilichoandikwa juu ya vitufe. Kidirisha kimoja kinauliza, “Je, unataka kufunga bila kuhifadhi?” kisha kinatoa “Ndiyo” na “Hapana”. Kingine kinatoa “Hifadhi”, “Usihifadhi” na “Ghairi”. Cha kwanza kinamlazimisha mtu asome sentensi yote na kuigeuza kichwani ndipo ajue “Ndiyo” itamfanyia nini. Cha pili kinaweza kueleweka hata na anayesoma vitufe peke yake. Halafu jipe mtihani wa mwisho: bonyeza kitufe kisicho sahihi kwa makusudi, uone kinachotokea. Ikiwa kazi ya asubuhi nzima imepotea na hakuna njia ya kuirudisha, umepata kasoro ambayo mazoea hayataifuta, kwa kuwa hata aliyezoea ana siku yake ya uchovu.

Karani wa Takwimu anajibu:

Ninaheshimu maelezo ya Mjenzi, lakini naona ameyaweka mazoea upande wa vitu vya kuondolewa kwenye mizani, na hapo sikubaliani naye. Mimi ni mtumiaji. Siku nzima naingiza takwimu, nazisahihisha, nazipanga. Mazoea yangu ndiyo kasi yangu. Ninapokata na kubandika, sifikirii Ctrl, X wala V, nafikiria takwimu. Mtu akiniambia kwamba upande wa kitufe ni makubaliano tu na unaweza kuhamishwa bila hasara, ningependa kumuuliza hasara hiyo anaihesabu kwa nani. Kwa mtengenezaji haipo. Kwangu ipo, kila saa, hadi mkono ujifunze upya, na katika kipindi hicho chote akili yangu inakuwa kwenye vitufe badala ya kwenye kazi.

Historia ya karibuni imejaa ushahidi wa jambo hili. Windows 8 ilipotoka mwaka 2012 bila kitufe cha Start, kinachofungua menyu ya programu, malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Windows 8.1 ilikirudisha kitufe mwaka uliofuata, na menyu yenyewe ikarudi na Windows 10 mwaka 2015. Najua watu watasema kwamba menyu hiyo nayo ilikuwa ngeni ilipoingia na Windows 95, na kwamba tulioitetea tulitetea tu kile tulichokizoea. Ni kweli, na sioni kwamba inapunguza uzito wa hoja. Watu walikuwa wamewekeza miaka 17 ya kumbukumbu mahali pale, na kumbukumbu hiyo ilikuwa na thamani iliyopimika kwa kazi iliyokuwa ikitoka mikononi mwao.

Vivyo hivyo kwa GNOME 3, iliyotolewa Aprili 2011 ikiwa imeondoa vitufe vya kupunguza na kukuza dirisha katika mpangilio wake wa awali. Kuna waliochukua msimbo wa GNOME 2 na kuuendeleza kwa jina la MATE, na watengenezaji wa Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, wakajenga kiolesura chao, Cinnamon. Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux, aliikosoa GNOME 3 hadharani na kuhamia Xfce, kiolesura kingine cha Linux, kisha baadaye akairudia, baada ya viongezo (programu ndogo za kuiongezea uwezo) kumwezesha kuipanga apendavyo. Huyu ni mtu ambaye hakuna atakayemwambia kwamba hajui kompyuta. Ikiwa yeye alihitaji mazingira yake yafanane na alivyozoea, kwa nini karani aambiwe kwamba malalamiko yake ni ya kihisia?

Kwa hiyo, ndugu Mpimaji, katika ripoti yako usiyafute mazoea. Yaandike kama gharama. Sema kwamba katika idara kuna watu kadhaa waliozoea mfumo fulani, wengi wao wanafanya kazi ya aina fulani, na kuwahamisha kutachelewesha kazi kwa kipindi fulani. Wakubwa wako wanaielewa lugha hiyo. Tena tofautisha watu: anayefungua kompyuta kusoma barua mara moja kwa siku hana mengi ya kupoteza, lakini anayeishi ndani ya programu moja ana kila kitu.

Mtafiti anajibu:

Nina machache ya kuongeza, na yanahusu jinsi ya kuyapokea majibu ya watu unaowauliza.

Mwaka 1995 watafiti wawili wa Kijapani, Masaaki Kurosu na Kaori Kashimura, waliwaonyesha watu 252 mipangilio 26 tofauti ya skrini za mashine za kutolea fedha, wakawaomba waipime kwa urahisi wa kutumia na kwa uzuri. Ilionekana kwamba mpangilio uliohesabiwa kuwa rahisi ulikuwa, kwa kiasi kikubwa, ni ule ulioonekana mzuri, huku sifa halisi za urahisi zikichangia kidogo zaidi. Noam Tractinsky aliurudia utafiti huo nchini Israel, akatoa matokeo yake mwaka 1997, na uhusiano wa uzuri na urahisi unaodhaniwa ukawa na nguvu zaidi. Basi unapomwonyesha mtu violesura viwili na kimoja kina rangi tulivu na maandishi yaliyopangwa vizuri, usishangae akikuambia kwamba ndicho rahisi kabla hajakigusa.

La pili ni hisia ya kasi. Bruce Tognazzini, aliyefanya kazi Apple, aliripoti kwamba katika majaribio yao watu walisema kibodi ni ya haraka kuliko kipanya, ilhali saa ilionyesha kinyume. Maelezo yake ni kwamba kuikumbuka njia ya mkato ya kibodi huishughulisha akili, na akili iliyoshughulika haioni muda ukipita. Sisemi kwamba kipanya hushinda kila mara; amri fupi inayorudiwa siku nzima, kama hizo za Karani, ni ya kibodi bila ubishi, hasa kwa kuwa Z, X, C na V zimekaa pamoja chini kushoto kwenye kibodi ya kawaida ya Kiingereza na mkono wa pili unabaki kwenye kipanya. (Kwenye kibodi ya Kifaransa herufi Z iko safu ya juu, na faida hiyo inapungua kwa amri ya kutendua.) Ninachosema ni kwamba “nahisi ni haraka” na “ni haraka” ni vipimo viwili, na ripoti yako inapaswa kuvitenganisha. Uliza hisia, lakini pia shika saa na uhesabu makosa.

Mpimaji anaandika tena:

Nawashukuru nyote. Naona Mjenzi na Karani hawapingani kiasi nilichodhani mwanzoni: mmoja anazungumzia thamani ya kiolesura kwa mtu yeyote, mwingine anazungumzia thamani yake kwa mtu huyu, leo. Ripoti yangu inahitaji yote mawili, katika safu mbili tofauti. Limebaki swali moja. Nikitaka mtu akipime kiolesura kipya kwa haki, nimwache akitumie muda gani kabla ya kumuuliza? Nikimuuliza mapema nitapata mazoea ya zamani. Nikichelewa sana atakuwa amekizoea hata kilicho kibaya, na ataacha kuziona kasoro zake.

Mjenzi wa Programu anajibu:

Hofu yako ya pili ndiyo kubwa zaidi, na inastahili kuangaliwa kwa makini. Binadamu huzoea hata mlango unaokwama. Aliyetumia programu mbovu kwa muda mrefu hujijengea vijia vya kuzunguka ubovu wake: huhifadhi kila dakika kwa sababu inazima ghafla, hunakili maandishi kwanza mahali pengine kwa sababu fomu huyapoteza, hubofya mara mbili pale panapohitaji mara moja. Ukimuuliza, atakuambia kwamba hana tatizo. Kwa hiyo usimuulize peke yake. Mtazame, na kila unapomwona akifanya jambo ambalo kazi yenyewe haikulihitaji, muulize kwa nini amelifanya.

Kuhusu muda, nisingeweka idadi ya siku. Ningeangalia aina ya makosa na jinsi yanavyokwenda. Makosa ya mazoea yana tabia ya kupungua: mwanzoni mkono huenda kulia kutafuta kitufe cha kufunga, baadaye husita, baadaye huenda kushoto wenyewe. Makosa ya muundo hayapungui hivyo. Ikiwa ikoni mbili zinafanana mno, mtu atazichanganya mwanzoni na ataendelea kuzichanganya akiwa na haraka. Ikiwa kitufe cha kufuta kimepakana na cha kuhifadhi na vyote ni vidogo, aliyebobea ataendelea kukikosa mara mojamoja, na kila akikikosa hasara inakuwa ileile. Orodhesha makosa ya wiki ya kwanza, uyaorodheshe tena mara mtu anapokuwa ameacha kulalamika, kisha ulinganishe. Yaliyotoweka yaweke kwenye safu ya Karani, yaani gharama ya kuhama. Yaliyobaki ni ya kiolesura.

Iwapo unaweza kumpata mtu aliyetokea mfumo wa kwanza na mwingine aliyetokea wa pili, wape kazi moja kwenye mifumo yote miwili. Kasoro wanayoigonga wote wawili ndiyo ya kuipa uzito. Usimtafute mtu asiye na mazoea yoyote, kwa kuwa aliyewahi kushika simu tayari anajua aina fulani ya ikoni na anatarajia vitu fulani viwe mahali fulani.

Karani wa Takwimu anajibu:

Nakubaliana na kipimo hicho, maana kinayatambua malalamiko yetu na kuyapa mahali pake. Naomba jambo moja liongezwe kwenye ripoti. Mara nyingi tunaambiwa kwamba ugomvi huu unamalizwa na mipangilio: asiyependa kitufe kushoto akihamishie kulia, asiyependa rangi nyeupe awashe hali ya giza. Kwa kompyuta ya mtu mmoja sina pingamizi, na mimi huibadilisha yangu bila kusita. Lakini katika idara ambayo watu watatu wanapokezana kompyuta moja kwa akaunti moja, kila mmoja ataikuta imepangwa na aliyemtangulia, na mkono hautazoea chochote. Tena anayetoa msaada kwa simu atashindwa kumwelekeza mtu abofye wapi, kwa sababu hajui skrini ya mwenzake ikoje.

Kwa hiyo angalia kama mfumo utakaoupendekeza unamruhusu kila mtumiaji kuwa na akaunti yake yenye mipangilio yake, na inayomfuata hata akihamia kompyuta nyingine. Pale ambapo hilo haliwezekani, mpangilio wa awali ndio utakaokuwa mpangilio wa wote, na hapo ningekushauri uupime huo peke yake, kama ulivyotoka kwa mtengenezaji, bila kuupa alama hata moja kwa mambo ambayo mtu angeweza kuyabadilisha lakini katika idara yenu hatayabadilisha.